Dar mpaka Muscat kwa ndege ni masaa mangapi haswa? Tiketi zinanichanganya

BintiChumbageni:
Wakuu habarini za jioni, naombeni msaada kwa anayejua mambo ya ndege, nimekaa na simu toka saa moja na sasa hivi inakaribia saa nne, kichwa kinaniuma.

Mama yangu ana miaka 67, yuko Tanga. Mdogo wangu kajifungua Muscat, Oman, wiki mbili zilizopita na mama anataka aende akamtazame mzazi, si mnawajua mama zetu, ameshanunua na khanga za mtoto. Hajawahi kupanda ndege hata ya kwenda Unguja, na atasafiri peke yake. Ana sukari, anameza vidonge asubuhi na jioni baada ya kula, na magoti yanamsumbua, akikaa sana basi kusimama mpaka ashikwe mkono. Kwahiyo nikiuliza masaa naomba mnielewe, nataka kujua atakaa kitini muda gani, atakula saa ngapi na dawa atameza saa ngapi.

Sasa nimeingia mtandaoni kutafuta umbali, websaiti ya kwanza inasema 3,972, ya pili inasema 2,468, ya tatu 2,145. Mji huo huo na mji huo huo. Nikaacha nikaenda kwenye tiketi, huko ndo nikapotea kabisa.

Ya moja kwa moja inatoka Dar Jumamosi 04:15 inafika Muscat 10:35. Nikitoa napata masaa sita na dakika ishirini, ila pembeni wameandika 5h 20m. Kurudi inatoka Muscat 21:45 inafika Dar 02:15, hapo napata masaa manne na nusu tu, na pembeni wameandika 5h 30m. Inakuwaje kwenda masaa sita na kurudi manne, njia si ile ile?

Ya pili inapitia Doha, bei iko chini kama laki mbili na ushee. Inatoka Dar 17:40, inafika Doha 23:30, inaondoka Doha 02:05, inafika Muscat 04:50 halafu kuna kijinamba +1 juu yake.

Kaka yangu yeye kapiga hesabu yake, anasema Dar Mwanza ni kilomita 850 na ndege inatumia saa moja na dakika 25, kwahiyo Muscat lazima iwe masaa sita na nusu na zaidi, anasema hao wa websaiti wanadanganya. Nani yuko sahihi?

Kibuyu:
Ni masaa 5 na dakika 20. Oman wako mbele yetu saa moja. Ile 10:35 ni saa ya Muscat, kwa saa yetu ni 09:35. Kutoka 04:15 mpaka 09:35 ndo hizo 5h 20m.

BintiChumbageni:
Ahsante Kibuyu. Na kurudi?

Kibuyu:
Kurudi hivyo hivyo kinyume chake. Muscat 21:45 huku kwetu ni 20:45. Toka 20:45 mpaka 02:15 ni masaa matano na nusu. Saa uliyopoteza kwenda unarudishiwa.

MtuWaUwanjani:
Dada nifafanue kidogo maana nafanya kazi upande wa kuhudumia ndege chini uwanjani, mwaka wa tisa huu, maswali kama haya nayapata mpaka kwenye misiba.

Kwanza zile namba tatu zote ni sawa. 3,972 ni kilomita, 2,468 ni maili za kawaida, 2,145 ni maili za baharini, ambazo ndo marubani na manahodha wanatumia, maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Piga 2,145 mara 1.852 uone inarudi pale pale. Websaiti nyingi zinaweka namba hazisemi ni kipimo gani.

Na hiyo kilomita 3,972 ni mstari mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia, kama ungevuta uzi kwenye tufe. Huo uzi ukiuvuta kutoka Dar unapita karibu na Kismayo, unakata Somalia kwenda juu, unavuka Ghuba ya Aden, unaingia Oman maeneo ya Salalah halafu unamaliza jangwa mpaka Muscat. Ndege haifuati huo uzi sawasawa, kuna njia za anga zimepangwa, inaenda pointi hadi pointi na inaweza kukwepa eneo, kwahiyo njia yenyewe huwa ndefu kidogo kuliko namba ya websaiti.

Sasa hesabu ya kaka yako. Hajakosea kuzidisha, amekosea pa kuanzia. Ndege ya Mwanza ikitoka hapa Dar inatumia muda kusukumwa nyuma na trekta, kujivuta mpaka mwanzo wa barabara ya kurukia, kusubiri foleni kama ipo, kupanda, halafu haijakaa sana huko juu inaanza kushuka tena. Ile saa moja na dakika 25 sehemu kubwa imeenda kwenye mambo hayo, mwendo wenyewe wa kasi ni mfupi sana. Safari ya Muscat hayo mambo yanafanyika mara moja tu pia, mwanzoni na mwishoni, katikati yote ndege iko juu futi elfu 35 huko inakimbia kama kilomita 840 kwa saa. Gawanya 3,972 kwa 840 unapata masaa manne na dakika 44. Ongeza dakika 35 mpaka 40 za kupanda, kushuka, kujipanga kutua na kutembea ardhini, umefika kwenye 5h 20m ya tiketi. Mwambie kaka hawajadanganya.

Na muda wa tiketi hauanzi ndege inapoacha ardhi. Unaanza pale inapoondolewa vile vigogo vya matairi ikaanza kusogea, unaisha inaposimama kwenye maegesho upande wa pili na vigogo vikarudishwa. Ndo maana unaweza kuona imepaa 04:35 na bado ikafika kwa wakati. Upepo wa juu nao unachangia, ukiwa nyuma unasukuma ukiwa mbele unarudisha, ndo maana kwenda na kurudi kunapishana dakika kumi hapa na pale.

BintiChumbageni:
Aisee nimeelewa mpaka basi. Kaka nimemtumia kaniambia "sawa". Kwahiyo mama atakaa kitini masaa matano na kitu. Si mbaya, Tanga Dar kwa basi ni kama hayo hayo au zaidi.

mzanzibari_wa_Seeb:
Asalaam alaykum dada, na hongera kwa kupata mtoto. Mimi niko huku Muscat mwaka wa kumi na nne, nakaa Seeb, uwanja wa ndege uko huku huku kwetu, naenda kupokea wageni kila mwezi. Masaa ya hewani wameshakueleza vizuri ila mie kinachonitia wasiwasi ni kitu chengine. Hiyo 04:15 wewe umeisoma vipi? Na mama yako umemwambia ni saa ngapi?

BintiChumbageni:
Waalaykum salaam kaka. Mimi najua ni saa kumi na robo alfajiri. Mama nilimsomea tu tiketi kama ilivyo.

mzanzibari_wa_Seeb:
Hapo ndipo. Usimsomee tiketi kama ilivyo, wallahi nakusihi. Mama wa jirani yetu mmoja hapa alisomewa "sifuri nne kumi na tano" na mjukuu, yeye akashika nne, akajua ndege ni saa nne. Akafika uwanjani saa mbili asubuhi na mabegi yake na halua ya watoto, ndege iko karibu kufika huku. Mama wa makamo anahesabu saa zake kutoka jua kuchomoza, ndivyo alivyozaliwa navyo, na yuko sahihi. Tiketi inahesabu kutoka usiku wa manane. Lazima mtu akae amgeuzie moja moja, ongeza sita au toa sita, na uandike kwa maneno, sio kwa namba.

Tena huku kuna mtego mwengine. Sisi watu wazima tukizungumza Kiswahili tunataja saa za Kiswahili. Watoto wetu waliozaliwa huku wanazungumza Kiswahili lakini saa wanataja za Kiarabu, akikwambia saa kumi ana maana ya saa nne yetu asubuhi. Kwahiyo mdogo wako akimwambia mama kwenye simu nakuja kukupokea saa kumi na nusu, halafu mama ashike kumi na nusu yake, mtampoteza mtu siku nzima roho juu. Kubalianeni nyote mnatumia saa gani.

Kwa hesabu yako ndege ikisimama Muscat itakuwa saa nne na dakika 35 asubuhi ya huku, nyumbani Tanga itakuwa saa tatu na dakika 35. Mpaka amalize uhamiaji na kuchukua mzigo jaalia saa moja, na ikiwa foleni refu basi zaidi. Mdogo wako asiwe na haraka.

Sele_Gongolamboto:
Hii ya saa ni kweli kabisa na mimi naongezea ya tarehe, maana imenigharimu.

Mwaka juzi nilikata tiketi ya kwenda nje, imeandikwa tarehe 14 saa 00:40. Mimi tarehe 14 nimeshinda kazini vizuri, jioni nikaoga, nikaaga watu, mama akanisomea dua, nikafika eapoti saa nne usiku nimejipanga. Yule dada wa kaunta akaangalia pasi yangu akaangalia skrini akaniuliza kaka, wewe ndege yako si iliondoka jana usiku? Nilibaki nimeshika begi. Yaani 00:40 ya tarehe 14 ni ule usiku wa tarehe 13 kuamkia 14, dakika arobaini tu baada ya tarehe kubadilika. Tiketi ikahesabiwa sikutokea, hela haikurudi hata senti, nikanunua nyingine kwa kukopa.

Kwahiyo dada hiyo Jumamosi 04:15 mama anatakiwa awe eapoti IJUMAA usiku. Sio Jumamosi usiku. Andika kwa herufi kubwa.

BintiChumbageni:
Mungu wangu. Subirini kwanza nimpigie mama.

BintiChumbageni:
Nimerudi. Jamani mwili umenisisimka. Nimemuuliza mama safari lini, akanijibu vizuri tu, "usiku wa Jumamosi". Nikamuuliza mpwa wangu ambaye ndo atampeleka na gari eapoti akitokea Ilala, na yeye akasema bibi ameniambia usiku wa Jumamosi, nimeshaomba ruhusa kazini Jumamosi jioni. Yaani wote wanasema neno moja halafu mpwa ana siku yake nyingine kabisa. Nikamuuliza tena mama, akaniambia kwa ukali, "usiku wa Jumamosi si unaanza Ijumaa jua likizama, wewe umesoma wapi?"

NahodhaMstaafu:
Mwanangu usimkemee mama, mama ndiye aliye sawa. Kwetu sisi watu wa pwani siku inaanza magharibi. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jioni, watu wanasoma Yasin, wala hakuna anayeuliza. Ninyi vijana mmekuja na siku inayoanza katikati ya usiku, na mkasema usiku wa Jumamosi mkimaanisha Jumamosi ikishamalizika. Neno limebaki lile lile, siku imehama. Na tiketi haitoi msaada maana inaandika Jumamosi tu, kila mtu anaichukua kwa hesabu yake.

Lililo salama kwa wote wawili ni kusema usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Ukisema "kuamkia" hapana mtu anayepotea, mzee wala kijana.

BintiChumbageni:
Shikamoo babu. Ahsante sana, nimemuomba radhi mama. Mpwa nimeshambadilishia, anaomba ruhusa Ijumaa.

NahodhaMstaafu:
Marahaba mwanangu. Nisikilize nikueleze na hili, halihusu tiketi lakini linahusu njia. Baba yangu alikwenda huko na jahazi. Walikuwa wakisubiri kusi ianze kuvuma, mwezi wa nne huko, ndipo wanaondoka Unguja kwenda Sur na Muscat, na kuja huku walikuja na kaskazi, Disemba mpaka Machi. Hukuweza kuchagua siku, upepo ndio uliochagua. Yeye safari yake moja walikaa baharini siku ishirini na mbili, na hiyo alikuwa akiihesabu safari njema. Walikuwa wakila tende na papa mkavu, maji kwa kipimo. Wakifika hawawezi kurudi mpaka upepo ugeuke, miezi. Ndiyo maana watu walioa kule na wakaoa huku. Leo mama yako atavuka bahari ile ile baina ya daku na chai ya saa tatu. Mimi kila ndege ya alfajiri ikipita juu ya nyumba hapa huwa nainua kichwa.

Kibuyu:
Babu umenigusa.

nesi_Korogwe:
Dada kwenye suala la sukari. Mimi ni muuguzi, sio daktari wake, kwahiyo kabla ya yote mpeleke kliniki yake wamuone na wampe karatasi iliyoandikwa majina ya dawa. Ila kwa unavyoeleza, tofauti ya saa moja sio kubwa. Shida yake ni huo usiku wa kukesha. Atakula chakula cha jioni saa moja, atakaa macho eapoti, na chakula cha ndege kinaweza kuja saa kumi na mbili hivi. Hapo katikati ni masaa kumi na moja bila kitu, na watu wa sukari ndo inawashuka hapo. Mbebee kitu kwenye mkoba, biskuti, ndizi, hata kipande cha mkate wa mofa, ale kidogo kidogo. Dawa zote kwenye mkoba wa mkononi, USIWEKE kwenye begi linaloenda chini, begi likichelewa dawa zimechelewa nalo. Hewani anywe maji, na kila baada ya saa moja na nusu ainuke atembee kwenye korido hata hatua kumi, kama hawezi basi achezeshe vifundo vya miguu kitini. Magoti yatamshukuru.

MtuWaUwanjani:
Nesi kasema kweli. Na mimi upande wangu mambo mawili muombee sasa hivi, sio siku ya safari.

Wilchea. Piga simu ofisi ya shirika ulilokatia tiketi angalau siku mbili kabla, waambie mama anahitaji kiti cha kusukumwa. Watakuuliza anaweza kupanda ngazi au hapana, jibu ukweli. Kama anatembea kidogo na ngazi anaweza wanaweka WCHR, kama ngazi hawezi wanaweka WCHS. Hizo herufi zikiwa kwenye tiketi mtu wa kumsukuma anakuwa ameshapangwa, na upande wa Muscat wanapelekewa ujumbe wamsubiri mlangoni mwa ndege. Hakuna malipo. Wazee wengi wanaona aibu wanasema mimi siumwi, halafu wanatembea ule ukumbi wote mpaka wanakaa chini. Na yule anayemsukuma ndo huyo huyo anampitisha uhamiaji na kumuonyesha geti, kwa mtu ambaye hajawahi kusafiri hiyo ni kubwa kuliko hata magoti.

Chakula. Waambie DBML, ni chakula cha wenye sukari, nacho kinaombwa kabla.

Halafu mwambie mpwa ni jengo la tatu pale Julius Nyerere, hilo kubwa jipya la safari za nje lililofunguliwa 2019. Usiku watu wanashushwa jengo la pili kwa mazoea, na mama mwenye magoti na mabegi sio wa kuhamahama saa saba za usiku.

BintiChumbageni:
Nimeandika yote. Sasa kuhusu ile ya Doha, mnanishaurije? Laki mbili ni hela, na nimeona muda ni masaa 11 na dakika kumi.

Kibuyu:
10 na dakika kumi. Umesahau tena kutoa saa moja ya Muscat. Doha saa ni sawa na yetu, inabadilika ukitoka Doha kwenda Muscat. Na ile +1 ni kesho yake.

MtuWaUwanjani:
Mimi nisingeikataa haraka. Kitini ni masaa matano na dakika 50 mpaka Doha, anapumzika karibu masaa mawili na nusu ananyoosha miguu, halafu saa moja na dakika 45 mpaka Muscat. Kwa mtu wa magoti kukatiza safari sio vibaya. Na anaondoka Dar saa kumi na moja na dakika 40 jioni, hajakesha.

mzanzibari_wa_Seeb:
Kaka yangu hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Hajakesha Dar lakini anakesha Doha, ndege ya pili inaondoka saa nane usiku. Na anafika huku saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri, binti yake mzazi wa wiki chache na mtoto mchanga, nani atakayekuja uwanjani saa hizo? Tena Doha inampeleka mbali kisha inamrudisha, Dar Doha peke yake ni kilomita 3,800 na kitu, karibu sawa na kuja moja kwa moja hapa, halafu bado 700 za kurudi upande wa bahari. Jumla kama 4,500. Mtu anayejua kusafiri sawa, anaokoa pesa yake. Mama wa miaka 67 safari ya kwanza, hajui Kiingereza wala Kiarabu cha kuzungumza, kubadilisha ndege usiku wa manane kwenye uwanja mkubwa kama ule? Ndege ikichelewa kutoka Dar masaa mawili tu, ile ya pili imeshamwacha. Hiyo laki mbili ungeilipa mara tatu kwa wasiwasi.

MtuWaUwanjani:
Hilo la kuchelewa nakubali. Kwa mtu mwenye kujua njia ningesema Doha. Kwa mama huyu, moja kwa moja.

Sele_Gongolamboto:
Moja kwa moja dada. Tuchangishe hiyo laki mbili kama ni tabu, mimi natoa ishirini.

BintiChumbageni:
Sele Mungu akubariki, tutajikaza, kaka yangu kasema anaongeza. Tumekata ya moja kwa moja leo mchana, wilchea na chakula wameshaweka, nimeona herufi kwenye tiketi.

Nimemuandikia mama kwenye karatasi gumu la boksi kwa kalamu ya wino mzito, mniambie kama kuna nilipokosea:

Ijumaa saa mbili asubuhi, basi kutoka Tanga. Saa nane mchana uko Ilala kwa mjukuu, jioni unakula, unameza dawa, unalala. Ijumaa usiku KUAMKIA JUMAMOSI saa sita na nusu usiku mnatoka nyumbani. Saa saba na robo usiku uko eapoti jengo la tatu. Saa kumi na robo alfajiri ndege inaondoka. Saa nne na dakika thelathini na tano asubuhi, saa za Muscat, umefika. Hapo Tanga ni saa tatu na dakika thelathini na tano. Saa yako ya mkononi ipeleke mbele saa moja ukishakaa kwenye ndege.

mzanzibari_wa_Seeb:
Hapana ulipokosea. Ongeza alfajiri. Ndege inaondoka kabla ya wakati kuingia na anaelekea kaskazini mashariki, kule hewani kutapambazuka mapema kuliko Dar, akisubiri saa ya nyumbani jua laweza kuwa limeshachomoza dirishani. Achukue udhu uwanjani kabla ya kupanda na aswali kitini.

BintiChumbageni:
Hilo ndilo aliloniuliza mama la kwanza kabisa na sikuwa na jibu. Naongeza.

NahodhaMstaafu:
Muombee kiti cha dirishani upande wa kulia. Jua litatokea upande wake.

nesi_Korogwe:
Babu mama ana magoti, akae kiti cha koridoni ainuke kirahisi.

NahodhaMstaafu:
Basi koridoni. Lakini jirani yake afungue dirisha.

BintiChumbageni:
Jumamosi hii wakuu, nimepokea meseji ya mdogo wangu saa tano kasoro dakika kumi za huku, kamtoa mama uwanjani. Ndege ilichelewa kutoka kwa dakika 25 na ikafika imechelewa dakika kumi tu. Mama kala zile biskuti na ndizi, sukari wamempima nyumbani iko 7.8. Picha ya kwanza yuko kwenye wilchea amekumbatia mkoba wa dawa. Ya pili kashika mtoto. Anasema dirisha lilifunguliwa.